Kadi ya Picha ya Fundi Geti

Nina hasira, na sitajifanya sina. Fundi Geti ni jirani yangu wa kazi: yeye anachomelea mageti, mimi nayapaka rangi, na kwa miaka kumi na moja tumegawana kivuli cha bati moja. Ana mvi kidevuni, watoto wake wanajitegemea, na anapenda gemu. Wateja humtania, "Mzee mzima unacheza na tivii?" Naye hujibu, "Kila mtu na ugonjwa wake."

Alichotaka ni kuendesha malori. Kuna gemu ambalo unapakia mzigo, unapanda milima, unarudisha kontena kinyumenyume mpaka jasho likutoke, na kwenye konsoli yake, kile kisanduku cha gemu alichounganisha na tivii, halikuwepo. Ujanani alinyimwa leseni ya malori kwa sababu ya jicho la kulia, na hilo halijawahi kumtoka moyoni. Akaamua: konsoli iuzwe, kompyuta inunuliwe.

Lakini konsoli ni chakula kilichokwisha kupakuliwa. Kompyuta unaanzia sokoni, kipande kwa kipande. Prosesa ina bei yake, memori ina yake, diski, pawasaplai, hadi kasha lenyewe. Akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta. Huyo alifika kwao akiwa darasa la pili, akalishwa, akavishwa, akasomeshwa ufundi kwa fedha za mageti. Angemwamini nani mwingine?

Shemeji akaandika orodha. "Nusu ya hela yako iende kwenye kadi ya picha," alisema. "Hiyo ndiyo inayochora barabara. Ukibania hapo, lori litakwenda kwa kurukaruka. Kioo usinunue, tumia tivii yako. Kibodi nitakupa ya zamani."

Hata mimi nilimsifu. Fundi alijibana miezi minane, akaacha sigara, akauza konsoli, akamkabidhi shemeji hela zote mkononi. Karatasi hakuomba. Mtu hamdai risiti mtoto aliyemlea.

Kompyuta ilipoletwa, Fundi aliifanyia kama anavyolifanyia kila bomba analonunua: aliinyanyua. Wauza vyuma hupunguza unene wa bomba kwa ndani na jicho lisione, ila mkono hujua. Akaipima, akaitikia kwa kichwa. "Ina uzito. Hii ina vitu ndani."

Shemeji akabandika stika juu ya skrubu. "Ukifungua tu, shem, garantii imekufa."

Lori lilikwenda kwa kurukaruka. Fundi akapiga simu, akaambiwa programu bado zinajipanga, avute subira. Akavuta subira wiki sita! Nikamwambia afungue, akakataa, eti asimvunjie shemeji yake heshima.

Jumamosi moja nilimpelekea sampuli za rangi nyumbani, nikamkuta anaihamisha kompyuta afute vumbi. Kitu kikagonga ndani. Tukafungua. Mahali pa kadi ya picha palikuwa patupu. Chini kilikuwepo kipande kinene cha chuma, kilichofungwa kwa kamba za plastiki, moja ikiwa imekatika. Fundi akakigeuza. Kilikuwa na mshono wa kuchomelea ulioinamia kushoto. Fundi ni mashoto, na mshono huo naupaka rangi kila siku, siwezi kuukosea.

"Chuma changu," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Mkewe akaingia na nguo za kupiga pasi. Kile chuma hakukitazama hata kidogo. Alitazama skrubu zilizokuwa mezani. "Kwa nini umefungua? Si alikwambia usifungue?"

Fundi akakiweka kile chuma mezani.

"Mama watoto," Fundi akasema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Mdogo wangu alikuwa anafukuzwa kwenye nyumba ya watu kwa kodi, baba. Alisema ataiweka kadi akipata hela. Nikaona, aa, ni michezo tu."

"Na hiki chuma? Karakana yangu hajaikanyaga mwaka mzima."

Mkewe alikunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Alitaka kuweka jiwe," alisema. "Nikamwambia jiwe utalijua."

Niliaga bila kunywa maji niliyokaribishwa. Shemeji ni mwizi, na wezi wapo, nimeshawaona wengi. Lakini huyu mama! Alikwenda karakana, akachagua kipande kwa mkono wake, akakinyanyua, akakipima kwa kipimo cha mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha Fundi kilikuwa kinampikia chai.

Hawakuachana. Hela ya nyumba Fundi anatoa kama zamani, akiulizwa anajibu, chakula anakula. Tunarudi njia moja jioni, kwa hiyo huwa namwona. Akifika mlangoni kwake husimama, akabisha hodi, na haingii mpaka mkewe amwambie karibu.