Mchuzi wa Alhamisi, Uliopikwa kwa Masikio

Kiwanda kizima cha viatu kilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi wakata ngozi waliomzidi umri, naye aliitika bila kinyongo. Mtu akikulisha miaka ishirini na saba, atakosaje kuwa ndugu? Siku nyingine zote za kazi alipika kama wapishi wote wanavyopika. Alhamisi alipika tambi kwa mchuzi wa nyanya wa Kiitaliano, na siku hiyo hata wagonjwa walikuja kazini.

Mchuzi huo alifundishwa na fundi wa Kiitaliano aliyekuja kufunga mashine za kushonea soli, enzi hizo Shangazi akiwa bado muosha vyombo. Fundi yule alivumilia chakula cha kantini siku nane. Siku ya tisa aliingia jikoni, akavua saa, akakunja mikono ya shati na kuomba nyanya. Hakujua lugha ya watu wala wao hawakujua yake, kwa hiyo alifundisha kwa vidole na kwa kukunja uso. Shangazi alipotaka kutia sukari alipigwa kikofi mkononi, chepesi, kama mtoto mdokozi. Alipochukua mfuniko ili afunike sufuria, akapata kikofi cha pili. Miezi sita baadaye fundi akaenda zake. Shangazi alikuwa amekula vikofi vya kutosha, na mchuzi ulikuwa wake.

Basi, mwaka huu pua yake ikafa.

Ilianza na mafua ya kawaida, ya kulala siku tatu. Siku ya nne alirudi kazini, akapita getini, akashangaa kwamba kiwanda hakinuki gundi. "Kwani leo hamfanyi kazi?" akamuuliza mlinzi. Mlinzi alimkodolea macho, mashine zikinguruma nyuma yake. Shangazi akaenda jikoni mbio mbio, akaponda punje ya kitunguu saumu na kuisogeza puani. Hakusikia kitu. Akaitafuna. Hakuna, ila moto kidogo kwenye ulimi. Alikaa juu ya kreti ya soda akalia, kisha akaanza kukata vitunguu maji, ili atakayeingia asiulize habari ya machozi.

Hakumwambia mtu. Daktari alisema huenda pua ikarudi, huenda isirudi, na Shangazi akaondoka na huenda zake mbili. Wahenga wameonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na jiko la kupoteza. Miezi mitatu ikapita salama, kwa mazoea ya mkono. Mwezi wa nne, chumvi ikamuumbua. Alhamisi mbili mfululizo mchuzi ulikuwa chumvi tupu, na washona soli wakashinda bombani wakinywa maji.

Msimamizi wa kantini, kijana mstaarabu asiyeachana na daftari lake, alimfuata jikoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema tu, baba. Hujaja kunisalimia na daftari."

"Watu wanalalamika. Alhamisi hii mchuzi ukitoka vile tena, nitakuomba uliache jiko upumzike. Utakaa dirishani, ugawe sahani. Jikoni atashika wifi yako."

Wifi yake, mke wa mdogo wake, alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, mpishi mzuri, mwenye heshima zake. Shangazi hakuwa na ugomvi naye. Kugawa sahani nako si aibu, ni kazi. Lakini moyo wake ulikataa katakata. Alikuwa ameingia jiko lile kwa kuosha masufuria, akapanda hadi kwenye mwiko, na hakuwa tayari kushushwa kwa ajili ya matundu mawili ya pua.

Jumatano, zamu yake ilipokwisha, alipika kisufuria kidogo nyumbani, akafumba macho makusudi. Hapo ndipo alipogundua kwamba alikuwa anajua. Nyanya zikiwa mbichi huchemka kwa pupa, chwa-chwa-chwa, kwa sababu ni maji yanayosema. Maji yakipungua sauti hupungua kasi, na mwishoni mchuzi husema pu, unanyamaza, halafu pu tena. Uchachu nao aliupata kwenye taya: kijiko cha kwanza kilimkaza taya chini ya masikio, na mchuzi ulipoiva taya lililegea. Alicheka peke yake jikoni kwake. Miaka yote hiyo masikio na taya vilifanya kazi, na sifa ikachukua pua!

Ilibaki chumvi, na chumvi haina mlio. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi alipima chumvi, vikombe viwili vidogo vya kunywea kahawa, akaimimina kwenye bakuli la bati na kuliweka kando ya jiko. Bakuli likiwa tupu, chumvi imetosha, basi. Yeye na wifi yake walimenya kreti mbili za nyanya zilizochovywa kwenye maji ya moto. Shangazi akapasha mafuta ya zeituni kwa moto mdogo, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, akakisikiliza kikinong'ona, na kilipoanza tu kupata rangi ya nyasi kavu akamwaga nyanya alizozivunja kwa mikono. Akatia nusu ya chumvi ya bakulini. Kisha akatoka uani kuchuma mrehani kwenye makopo yake ya rangi.

Aliporudi alimkuta wifi yake ameinamia sufuria, vidole vitatu vimebana chumvi. Na nyuma ya wifi, akisubiri zamu yake, alisimama muosha vyombo, mtu wa makamo aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, mkono wake umo ndani ya kopo la chumvi la akiba.

"Wifi, unafanya nini?"

"Naongeza kidogo tu, wifi."

"Umeambiwa na nani kwamba haijatosha?"

Wifi aliangalia sakafu. "Tangu uugue huonji. Unapeleka kijiko mdomoni, uso haubadiliki. Siku moja mchuzi ulikuwa chapwa, nikasema nimsitiri wifi yangu. Tangu hapo natia kila Alhamisi."

"Na wewe, Redio?"

"Mimi nilijua wiki mbili zilizopita, siku ile maziwa yanaungua na wewe umesimama pembeni unaimba. Nikasema Shangazi asiabike, nikawa natia changu. Sikujua kumbe na huyu anatia!"

"Wewe! Wewe uliyeshindwa kunyamaza hata msibani, hili umelinyamazia wiki mbili nzima?"

"Hili lilikuwa lako, Shangazi," Redio akasema, akiutoa mkono koponi.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa walikuwa watatu, kila mmoja ameshika usukani akidhani mwenziwe amelala. Shangazi alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akakamata meza, na machozi yaliyomtoka hayakuhitaji kitunguu. Wamemharibia mchuzi kwa kumpenda!

"Haya, rudisheni chumvi ya watu," akasema. "Na mnisikilize. Pua yangu imekufa. Sinusi harufu yoyote, na ladha siipati. Kuanzia leo hakuna siri na hakuna wa kutia kitu humu ila mimi. Wifi, wewe ni ulimi wangu, utaonja nikikuambia. Redio, wewe ukae kimya, nasikiliza sufuria."

Kuanzia hapo jiko lile lilitulia kama chumba cha mtihani. Saa sita kasorobo wifi alichungulia, akaona wekundu unavutia. "Umeiva, wifi."

"Bado. Unaongea maji."

Saa sita msimamizi alipitisha kichwa mlangoni, akagonga saa yake. Kengele ilikuwa ya saa sita na nusu, na tambi zilikuwa hazijaingia hata majini. Shangazi hakugeuka. Alimwaga nusu ya pili ya bakuli, akakoroga mara moja, akaonja: taya likakaza, lakini kidogo. Dakika kumi nyingine. Wifi akatumbukiza tambi majini bila kuambiwa. Shangazi aliinamisha kichwa, sikio juu ya mvuke, macho yamefumba.

Pu. Kimya. Pu.

Alizima moto, akararua mrehani na kuutupa ndani, akaonja tena. Taya lilikuwa limelegea kabisa.

"Sasa, wifi. Onja."

Wifi alionja. Akafumba macho. Akakaa hivyo.

"Sema basi, unaniua!"

"Wifi, ni ule ule. Ule wenyewe."

"Chumvi?"

"Usiguse. Usiguse hata kidogo!"

Walichanganya tambi mle mle kwenye mchuzi, pamoja na upawa wa maji yake, na kengele ikalia. Watu mia na ishirini walipita dirishani wakiwa na chupa zao za maji za tahadhari. Walikaa, wakaanza kula, na ukumbi ukapoa. Shangazi alisimama nyuma ya mlango akisikiliza: uma kwenye sahani, uma kwenye sahani, hakuna anayezungumza. Redio, ambaye alikuwa ameruhusiwa kufunguka, alitangaza kutoka dirishani kwamba wakata ngozi wanafuta sahani kwa mkate, na kwamba chupa za maji zimesimama zimejaa pomoni.

Ndipo msimamizi akaja dirishani. Daftari hakuwa nalo. Alikuwa na sahani, nyeupe pe, haina hata tone.

"Shangazi, kuna nyongeza?"

Shangazi alichukua mwiko, akaupitisha chini ya sufuria kubwa. Kwaru, kwaru.

"Umesikia mwenyewe, baba. Imekwisha. Njoo Alhamisi ijayo, utanikuta papa hapa jikoni."