Sumaku ya Papa Ilunga

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwaka 2016, Mzee Salum, dereva mstaafu, alipotaka kuuza gari lake pale mtaa wa Mayfair. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, mvi zimeanza, lakini ujana si miaka peke yake. Akili yangu ilikuwa bado inakimbia.

Gari lilikuwa la kale la Kimarekani, jeusi, refu, viti vya ngozi nyekundu. Tajiri aliyekuwa akiendeshwa na Mzee alimwachia kama ahsante. Mzee aliliosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Sasa aliliuza kwa sababu moja: yeye na mkewe, Bi Zuhura, waende Hija miguu ikiwa bado inawabeba.

Mimi nilikuwa fundi wa bodi za magari kule mtaa wa Jeppestown. Miaka mitatu kabla, Mzee aliniletea gari hilo lina kutu juu ya gurudumu la nyuma. Alitaka nikate, nichomelee bati jipya. Kazi zilikuwa nyingi. Nikaziba tundu kwa pati, ule udongo laini wa mafundi, nikapaka rangi, pakang'aa. Nikamwambia, "Bati jipya hilo, Mzee." Akaniombea dua. Dua ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mnunuzi alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mkodishaji wa magari ya harusi. Mzee aliniita niwe shahidi, akaanza kumtembeza mnunuzi kuzunguka gari.

"Saa hii imekufa. Dirisha hili halipandi mpaka ulisukume. Mshono huu wa kiti ni wangu mwenyewe, tena mbaya."

Papa Ilunga akacheka. "Eish, Mzee! Unaniuzisha gari ama unanikataza?"

"Nakuuzia pamoja na aibu zake. Safari ya Hija haiendwi kwa pesa ya kuficha. Hapa nyuma palikuwa na kutu. Huyu Hamisi aliweka bati jipya."

Papa Ilunga alikuwa ameshatoa sumaku mfukoni. Wanunuzi wa magari ya kale huipitisha kwenye bodi: hushika bati, haishiki pati. Akamtazama Mzee, akairudisha.

"Hapana, Baba. Mutu mwenye anasema hivi, miye siwezi kumupima na sumaku."

Wakanyoosheana mikono. Nikinyamaza, Mzee anasafiri. Nikisema, safari inavunjika kwa mkono wangu. Lakini nilijua: siwezi kumwacha aende mbele ya Mola wake amebebeshwa uongo wangu.

"Papa Ilunga," nikasema, "itoe sumaku. Weka hapa."

Akaiweka. Ikaanguka, ikalia sakafuni. Bi Zuhura alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akarudi nayo ndani.

Mzee hakupaza sauti. "Hamisi, miaka mitatu unanifanya niseme uongo kwa ulimi wangu? Siuzi leo."

Papa Ilunga akaondoka, na safari ya mwaka ule ikawapita. Mficha maradhi, kifo humuumbua: nilipolileta gari karakana kwangu na kukwangua pati, nikakuta kutu imeenea maradufu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikata na kuchomelea kabla ya kugusa kazi nyingine, wiki saba, bila malipo. Mzee alikuja, akaketi, akatazama.

Nilipomaliza nilimfuata Papa Ilunga mwenyewe. Akaja, akaweka sumaku, akaivuta. "Sasa inakataa kutoka!" akasema. Akanunua.

Mwaka uliofuata Mzee na mkewe walikwenda, wakarudi salama, alhamdulillahi. Akaja karakana na kichupa cha maji ya Zamzam. "Kunywa, fundi," akasema. "Haya hayana pati."

Mwanangu, kazi ya mahali pasipoonekana ndiyo kazi yako hasa. Na ikiwa umekwisha kuharibu, sema kabla mikono haijashikana, kisha shika nyundo utengeneze. Kusema peke yake hakutoshi. Ukweli wangu uliochelewa aliulipia mzee wa watu kwa mwaka mzima wa kungoja.

Mola akupe mkono mwaminifu, akupe subira ya kurudia ulichokosea, na ulimi wako uitangulie sumaku daima. Amin.