Wanamtafuta Mwanamisi

Tima alizaliwa Mwingi, akaolewa Kitui mjini na Abdulkadir, aliyeuza pikapu zilizotumika katika uwanja aliorithi kwa babake. Tima hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama mkwe wake, Mwanamisi, aliyeishi nao, alisema ukitaka kujua kama Tima ameudhika, sikiliza anavyoosha sufuria.

Mwaka wa 1987 sufuria zilipata taabu. Magari yalikaa uwanjani hadi kuku wakaanza kutaga chini yake. Abdulkadir alitangaza gazetini kila wiki, akabandika matangazo mengine kwenye kinu cha unga Mutomo na kwa fundi wa pancha Matiliku. Wateja walikuja mmojammoja, lakini hakujua nani ameletwa na nini. Ndipo binamu yake wa Mombasa akamwitia kazi ya kuendesha lori la Kampala.

"Nikifunga hapa, nitakuwa nakuja nyumbani Idd kwa Idd," alimwambia mkewe.

Babake Tima naye alikuwa dereva wa lori. Tima alimjua kwa zawadi tu.

"Baba Sauda," akasema, "kabla hujafunga, si tujue kwanza ni tangazo gani linafanya kazi?"

"Nitajuaje? Nikiwauliza wananiambia tu, walisikia."

"Usiwaulize. Kila tangazo lipe jina lake. Gazetini andika wamwulize Abdulkadir. Mutomo wamwulize Tima. Matiliku wamwulize Mama, Mwanamisi. Jina atakalotaja mtu langoni litatuambia ametoka wapi."

Abdulkadir alicheka, lakini akabadilisha matangazo. "Mvua ya Novemba ikianza kama bado hivi, naenda," akasema.

Watu wa Mutomo ndio waliotangulia. Walimwulizia Tima, wakazunguka magari, wakapiga magurudumu mateke, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Siku moja mtu akamwulizia Abdulkadir, naye Abdulkadir akatoka mbio akifunga vifungo vya shati. Tima akamwuliza mgeni jina hilo amelipata wapi.

"Tulisoma pamoja," akajibu. "Nilikuwa napita, nikasema nimsalimie."

Usiku huo sufuria zilisikika hadi kwa majirani.

Wiki zikapita, hata Abdulkadir akasahau habari ya majina. Asubuhi moja mzee mnene akasimama langoni, kofia mkononi.

"Niko na haja na Mwanamisi."

Abdulkadir alishtuka. "Mama yangu? Amekukosea nini?"

Mwanamisi akatoka akijifunga leso. "Mimi ndiye. Nani wewe?"

"Naitwa Kivuva, natoka Matiliku. Nataka gari ya kubeba machungwa. Ile imeandikwa pale kwa fundi, bado iko?"

Tima, aliyekuwa mlangoni, alishika mwimo wa mlango.

Kivuva aliondoka na pikapu ya buluu siku hiyohiyo. Baadaye akaja jirani yake Nthenya, mwanamke mfanyabiashara, kisha wengine. Wote walimtaka Mwanamisi, ambaye sasa alivaa buibui lake zuri tangu alfajiri.

Abdulkadir akaelewa. Tangazo la Mutomo lilileta watazamaji wengi, la gazetini halikuleta mtu. Lile la Matiliku lilileta watu wachache, lakini hao walikuwa na matunda yanayooza shambani kwa kukosa gari. Akaacha gazeti, na siku za soko akawa anapeleka pikapu zenyewe Matiliku.

Mvua ilipoanza, uwanja ulikuwa karibu mtupu. Abdulkadir akaenda posta kumpigia binamu yake simu, Tima akamsindikiza.

"Hiyo kazi mpe mtu mwingine," Tima alimsikia akisema. "Mimi niko hapa."

Walipofika nyumbani Tima alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akalala mchana kweupe, watoto wakimruka huku na huku bila yeye kuamka. Mwanamisi akawafukuza nje wakacheze, akaenda jikoni kuwasha moto mwenyewe.