Tupokigwe na Kichwa Kinachoyumba

Tupokigwe alitoka Tukuyu kuja kuuza mchele Mabibo, na mchele ukamshinda. Gereji moja nyuma ya soko ilitaka mtu wa kuosha magari, akaosha. Kisha aliyekuwa akipiga polishi akahamia Dodoma, mashine ikabaki haina mwenyewe, naye akaishika. Huu mwaka wa kumi na mbili. Ukifika pale kwa Shomari, mwenye gereji, ukauliza nani fundi wa kung'arisha rangi, hata wauza mananasi watakuonyesha: mama mrefu mwenye ovaroli ya bluu, anayebeba lile limashine kama wenzake wanavyobeba pochi.

Mashine yenyewe ilijua mzunguko mmoja tu. Sponji inazunguka palepale, mbio, kama jiwe la kunolea visu. Ukizembea, inaunguza rangi. Tupokigwe hakuwahi kuunguza boneti hata moja; hilo alilijua, na alipenda watu walijue.

Kwa hiyo Jumanne ile alipomwona Mwalimu Apolonia anarudi, alidhani amekuja kushukuru.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo huku juani uniambie naona nini."

Mwalimu Apolonia, mstaafu na mjane wa Kinyerezi, alikuwa ameiegesha Krauni yake nyeusi nje ya banda. Wiki mbili nyuma Tupokigwe aliing'arisha gari hiyo mpaka akaona meno yake kwenye boneti. Sasa, chini ya jua la saa sita, boneti ilikuwa imejaa michirizi myembamba ya mviringo, duara juu ya duara. Akisogea hatua moja, nayo inasogea.

"Umeiosha kwa dodoki, Mwalimu?"

"Mie sijaigusa. Mvua ndiyo imeiosha."

Tupokigwe akaenda kuleta sponji yake, akaiweka juu ya duara mojawapo. Zikalingana. Akaisogeza kwenye duara la pili. Zikalingana tena. Akaomba aachiwe gari.

Mwalimu alipoondoka na kuiacha gari, Tupokigwe alisukuma nje gari jingine alilolimaliza jana yake, la bluu iliyoiva. Michirizi ileile. Akatoa jeupe: haionekani, ila sasa hakuamini tena kama haipo. Miaka yote alikuwa akikagua kazi yake ndani ya banda, kwenye kivuli cha mabati, mafuta ya dawa ya polishi bado yameziba kila mkwaruzo. Na humo kila gari lilikuwa kioo.

"Ishu siyo wewe, Tupo," Shomari alimwambia. "Ishu ni huo mzunguko. Mashine inarudia njia moja tu."

Kesho yake Shomari akaja na kiboksi kutoka Kariakoo. Ndani kulikuwa na kichwa cha chuma cha kufungwa kwenye mashine ileile, kati ya mashine na sponji. Mhimili wake haukukaa katikati, umewekwa pembeni makusudi, ili sponji izunguke huku inayumba na isipite njia moja mara mbili.

Shomari akampa boneti kuukuu ajaribu. Akafunga kichwa, akainamisha mashine upande kidogo kama alivyozoea, akakandamiza. Sponji ikasimama. Mashine inanguruma, mikono inatetemeka, sponji imetulia kama imelala.

"Kimekufa hiki."

"Hakijafa. Umekikandamiza."

"Nisipokandamiza kinakataje mikwaruzo?"

"Kilaze, ukiachie kiende chenyewe. Halafu ongeza mwendo."

"Niongeze mwendo? Si nitaunguza?"

"Hiki hakiunguzi upesi namna hiyo."

Akamtazama Shomari kama mtu aliyeambiwa maji yanapanda mlima. Alichofundishwa ni kupunguza mwendo, kuinamisha, kukandamiza. Hiki kinataka mbio, bapa, mkono mwepesi. Ukikilazimisha kinagoma, ukikibembeleza kinafanya kazi. Sasa fundi ana kazi gani? Akirushiwa dawa usoni anafuta, anaanza upya. Siku mbili hivyo, na mikono yake haikumtii.

Siku ya tatu alichukua kalamu nene nyeusi, akachora mstari pembeni ya sahani inayoshika sponji. Mstari ukionekana wazi, sponji imesimama. Mstari ukipotea, inazunguka. Basi akaacha kuusikiliza mkono, akawa anautazama mstari.

Ndipo akaifuata Krauni. Alibandika tepu ya karatasi katikati ya boneti, akafanya upande mmoja, akafuta, akaitoa juani. Kulia, duara tele. Kushoto, weusi mtupu. Alizunguka mara tatu akiinama na kuinuka, kila pembe, na furaha aliyoitarajia haikuja. Kilichomjia ni yale magari mengine aliyoyang'arisha miaka yote. Moja liliuzwa Songea, jingine lilibeba bibi harusi Mbezi. Wenyewe waliona wakanyamaza? Au hawakuona? Na lipi bora?

Jumamosi Mwalimu alikuja akakuta imebaki milango. Alitazama boneti muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwona Tupokigwe anasogea na kitambaa chenye dawa kwenye kitasa cha mlango wa dereva, pale palipochimbika kwa mikwaruzo ya kucha.

"Hapo acha."

"Lakini, Mwalimu, hapa ndipo pabaya kuliko pote."

"Hizo ni kucha za marehemu. Kila asubuhi akifungua, anakwaruza. Nilikuwa namgombezaga."

Tupokigwe alisimama na kitambaa chake. Mtu aliyerudisha gari kwa michirizi ya kutafutwa kwa jua, sasa analinda mikwaruzo inayoonekana hata gizani. Hakuelewa. Alikizungushia kitasa tepu, pande zote nne, taratibu, akamalizia mlango akiwa mbali nacho.

Jioni alipitia namba za zamani kwenye simu yake, akampigia Edgar, karani wa Ubungo mwenye gari jeusi.

"Braza Edgar, naomba ulilete gari lako. Nilikuharibia."

"Uliniharibia nini, dada? Mbona linang'aa mpaka leo?"



"Wee lilete tu," Tupokigwe akasema. "Uje saa sita, jua likiwa kali."