Barua ya Upande Mmoja kwa Mama Balozi

Nilienda Nairobi kwa sababu ya bomba. Wengi wenu hapa kilimani mnajua habari yake, lakini nitaieleza kwa asiyejua. Mimi ni fundi wa mabomba, na shule niliiachia kidato cha pili. Mwaka huu sisi wa Bondeni, chini ya kilima, tulivuta maji kutoka chemchemi iliyo Juu, na bomba nilililaza mimi. Watu wa Juu wakakasirika, wakaizungushia chemchemi waya. Tangu hapo hakuna anayepanda wala anayeshuka. Dada yangu Jeska ameolewa huko Juu. Amejifungua, na mama yetu hajamshika mjukuu wake hata siku moja.

Vijana wa Bondeni tukamkumbuka Mama Balozi Truphena Kageha, mzaliwa wa kwetu, aliyekuwa katibu mkuu wa jumuiya ya nchi za ukanda huu. Kazi yake ilikuwa kukalisha serikali na waasi meza moja. Tukasema, mtu wa kutuliza bunduki atashindwa na waya? Tukaandika barua kumwomba aje kwenye mkutano wetu Jumamosi. Nikatumwa mimi, kwa kuwa ninaongea sana.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Chavakali. Mama alinipa kuku kwenye katoni, akasema kwa mtu kama yule huendi mikono mitupu. Njia nzima niliota. Niliona Balozi akishuka garini, waya ukikunjwa, mama amebeba mtoto. Halafu nikaota mimi mwenyewe nimevaa suti, ninatumwa kwa mataifa. Tulipofika Nakuru kuku alitaga yai, na baba mmoja kiti cha nyuma akasema huyo sasa amelipa nauli yake.

Saa tisa alasiri nilishuka katikati ya jiji, nikaenda Parklands kwa Ben, mtoto wa shangazi yangu, karani wa duka la vitambaa.

"Niaje, Ken. Umeniletea kuku?"

"Si wako. Ni wa Balozi."

"Na Balozi anakula kuku wa katoni?"

"Amezaliwa kwetu. Anakula."

Alhamisi asubuhi nilitembea kupitia Westlands hadi Muthangari, ambako Ben alisema Balozi anakaa. Nyumbani tulidhani anakaa Karen, mtaa wa matajiri, maana kwetu kila mkubwa husemwa anakaa Karen. Kumbe nyumba yake ni ya kawaida tu, na nilimkuta amevaa raba, anamwagilia mboga za sukuma. Alifurahi kusikia lafudhi ya kwetu. Akaniuliza habari za mama, habari za mvua, kisha akaisoma barua akiwa amesimama. Akairudia. Akaikunja na kunirudishia.

"Wa Juu wametia sahihi wapi?"

"Hawajatia, Mama. Hii ni barua yetu."

"Basi siji. Na huyu kuku, rudi naye."

Nilijaribu kutabasamu, nikashindwa. Nikamwambia habari ya Jeska na mtoto. Akafunga maji, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akaniita nikae kando yake.

"Sikiza, mwanangu. Mimi nilianza kwa kupiga chapa kumbukumbu za mikutano ya watu wengine. Miaka mingi nilikaa nyuma ya wakubwa nikiandika nani amesema nini. Nikawa afisa, nikawa balozi, mwishowe nikaongoza jumuiya. Na mwaka wa kwanza tu nikakosea. Serikali moja ilinitumia ndege yake nikawapatanishe na waasi. Nilikuwa na haraka, nikapanda. Waasi wakaona kwenye televisheni nimeshuka ndege ya nani. Wakaondoka kabla sijafika mezani. Ilichukua miezi tisa kuwarudisha, na katika hiyo miezi tisa watu walizikwa."

Akamtazama kuku kwenye katoni.

"Tangu siku hiyo sijanywa hata chai ya upande mmoja kabla ya mwingine kujua. Sasa wewe unaniletea kuku."

Nikacheka, naye akacheka.

"Haya, niambie malalamiko ya watu wa Juu."

"Wana wivu tu, Mama."

"Hayo ni yako. Nipe yao, vile wao wangeyasema."

Nilianza, nikakwama. Nikaanza tena. Nikasema ng'ombe wao walikuwa wakinywa kwenye birika chini ya chemchemi. Nikasema bomba lilipowekwa maji ya birika yalishuka. Hayo niliyajua kwa macho yangu: siku niliyofunga kiungo cha mwisho niliona birika linaanza kukauka, nikakusanya vifaa vyangu nikaenda zangu. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia yeye.

"Kumbe unajua," akasema polepole. "Nenda ukawaambie hayo. Wakisema umeyasema sawasawa, waombe waandike barua yao. Nikizipata mbili, nitakuja kwa gari langu na chakula changu."

Jioni hiyo Ben alimchinja kuku na kuapa kwamba upande wake yeye haupigani na mtu.

Ijumaa nilirudi. Ndani ya basi sikuota suti wala mataifa. Nilikuwa nikiyapanga yale maneno, kwa kuwa niliogopa kuyasahau, na pia niliogopa kuyakumbuka.

Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda mkutanoni Bondeni, nilipanda Juu hadi kwa Mzee Ambani, baba mkwe wa Jeska. Ndiye aliyefunga ule waya. Nilimkuta uani, hakunipa mkono.

"Umekuja kuutoa waya?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kusema malalamiko yenu. Nikikosea unirekebishe."

Nikayasema yote: ng'ombe, birika, na kwamba mimi fundi niliona nikanyamaza. Jeska alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mzee alisikiliza huku akitazama chini.

"Umeacha moja," akasema.

"Lipi, Mzee?"

"Ulipita hapa na mabomba begani siku tatu. Mlango huu hapa. Hukupiga hodi."

Nilikuwa nimefikiri kazi ya Balozi ni kuongea vizuri, na ndiyo sababu niliota ningeiweza. Sasa najua sehemu kubwa ni kusimama mbele ya mtu na kusema jambo lake hadi akubali kwamba ndilo. Nikayaanza upya yote, tangu siku ya kwanza ya mabomba, safari hii na ile hodi ambayo sikupiga. Nilipomaliza, nilimwomba waandike nao barua yao kwa Balozi. Mzee Ambani akamgeukia Jeska.

"Mletee ndugu yako kiti," akasema. "Na kalamu."