Wimbo Alioondoka Nao Mbithi

Mtu akikuchoma kwa neno mchana, ni nani anayekuchoma jioni, ilhali yeye ameshakwenda kwake?

Mbithi, fundi wa mawe wa Kanyangi, hakuwa na nafasi ya swali hilo. Yeye na wenzake wa mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi bila malipo, walikuwa wakijenga ukuta wa kukatiza mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ukwame na maji yakae ndani yake. Lilibaki pengo moja katikati. Mawingu yalikuwa yameshaanza kulala upande wa Zombe. Mto ukishuka na kulikuta pengo lile, ungeubomoa ukuta wote, na kina mama wangerudi kufuata maji mbali kwa punda.

Katika mwethya kazi huenda na wimbo, na anayeimbisha ana ruhusa ya kumchoma yeyote. Aliyechomwa hujibu kwa wimbo, watu wakacheka, kazi ikaendelea. Siku hiyo Wavinya, mwimbishaji, alimgeukia fundi:

"Fundi wetu ana mkono mwepesi,
ukuta wake wa kwanza ulifuatana na mto!"

Watu wakaitikia; wote walikumbuka ukuta aliojenga zamani, mto ukausomba. "Jibu, fundi!" Nduku, mmoja wa wabeba mawe, akapaza sauti. "Ama ulimi nao ulisombwa?"

Mbithi alikunja kamba yake ya kunyooshea mstari, akachukua pima maji na mwiko, akapanda ukingo. "Jengeni kwa midomo yenu," akasema. Nyuma yake wimbo ukakatika.

Nyumbani, muthokoi wa mahindi na maharagwe ulipoa kwenye sahani yake.

"Aje hapa aniombe msamaha," alimwambia mkewe, Ndila. "Asipokuja, ukuta na uende! Eti ulifuatana na mto. Mimi!"

"Baba Ben, Wavinya aliuimba mara ngapi?"

"Mara moja. Haitoshi?"

"Basi tangu uingie mlango huu, ni nani anayeuimba? Mimi nimeshaujua wote, na sikuwa mtoni."

"Unamtetea?"

"Amekosa adabu, na nitamwambia mwenyewe. Lakini hiyo hasira umeibeba begani kama mbuzi. Ni mbuzi wako. Usingoje Wavinya aje kumlisha."

Mbithi akasukuma sahani. Ngurumo ikapita mbali, naye akageukia mlango kutazama upande wa mto. Hapo akajua kinachomuuma. Wavinya hakukileta, alikigusa tu. Tangu msingi uchimbwe, Mbithi alikuwa akiogopa kwamba ukuta huu nao utaondoka, na hakuwa amemwambia mtu.

Tunapenda sana kusema "amenikasirisha", kisha tukakaa kungoja aliyetukasirisha aje kututuliza, huku mto unajaa. Upuuzi! Neno lilikuwa la Wavinya, na alijibie. Kukunja kamba na kuondoka kulikuwa kwa Mbithi.

Asubuhi alifika mtoni na vifaa vyake. Walikuwa wameanza bila yeye. Wavinya alikuwa amepiga magoti kwenye pengo, akipanga mawe kwa kukisia, na mstari ulikuwa umeshapinda. Hakuna aliyemsalimia.

"Hayo mawe yatoke," Mbithi alisema. "Jana neno lako liliniuma, Wavinya. Lakini hasira ilikuwa yangu, na woga ni wangu. Ukuta huu naogopa utaniaibisha tena. Pengo hili nililiacha mimi."

Wavinya aliinuka, simiti ikimdondoka magotini. Kisha, polepole, akaanza wimbo ule ule wa jana.

Mabeleshi yakasimama. Mbithi alihisi masikio yakishika moto, vidole vikiikaba pima maji. Ukingo ulikuwa pale pale nyuma yake. Akafungua mdomo:

"Mto uliubeba ukuta wangu,
ukafika kwa mdomo wa Wavinya ukashindwa!"

Nduku ndiye aliyecheka kwanza. Tone la mvua likaanguka juu ya jiwe, likakauka, likaanguka lingine. Na Mbithi akamwona Wavinya akiinama, akiung'oa kwa mikono yake mwenyewe mstari alioupinda, kisha akiidaka ncha ya kamba ya fundi na kukimbia nayo hadi upande wa pili, akaivuta mpaka ikanyooka.