Utepe Uliotoka Kwenye Tanuru

Cheka ukitaka. Mke wangu naye alicheka, na leo hacheki tena. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Johannesburg, mwaka 2008, umeme ulipokuwa unakatika kila mara. Nilikuwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimeonja hata bia.

Mimi ni fundi cherehani, Mrundi, kibanda changu kiko mtaa wa Malvern. Kiwanda kimoja cha zamani cha chuma kilikuwa kinageuzwa makumbusho, nikapewa kazi ya kushona ovaroli za kuvalisha sanamu za wafanyakazi. Mlinzi wa getini, Mkongo mcheshi, aliniambia niingie nikazipime. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona.

Ndani kulikuwa na giza la mchana, umeme umekatwa. Kando ya tanuru kubwa lililozimwa miaka mingi ilisimama sanamu ya mwanamume, uso umeelekea ukutani. Nikamsifu moyoni aliyeichonga, maana hata mishipa ya shingo ilionekana. Nikauzungushia mkono wake utepe wa kupimia. Sasa, fundi ana mazoea yake, hata akipima gogo atalisemesha. Nikasema, "Nyosha mkono, baba."

Mkono ukanyooka.

Niamini! Ulinyooka taratibu, kama wa mteja aliyezoea kupimwa. Na ulikuwa wa moto. Tanuru baridi, mwezi wa Juni, halafu mkono wa moto kama pasi! Nilipiga yowe nikatoka mbio, utepe nimeung'ang'ania. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mlinzi alinidaka getini. "Eish, kaka, unatoka wapi? Masanamu yote iko huku ku bureau, ku ofisi. Kule ku tanuru, kwenye watu walikufiaka kazini, hawajaweka hata moja!"

Hapo nikakumbuka neno la mama yangu, aliyenifundisha kushona. Maiti hapimwi kwa utepe. Hupimwa kwa uzi, na uzi huo huzikwa naye, kwa sababu kipimo cha mfu kikimgusa aliye hai humwachia kitu. Nikaapa kuuchoma utepe ule nikifika nyumbani.

Nilifika, nikatupa mlangoni mfuko wenye ule utepe, nikakimbilia bafuni kunawa kwa chumvi. Niliporudi, mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yetu Aline, anampima gauni la kwaya.

"Nyosha mkono, mama," alimwambia.

Utepe ulikuwa ule ule. Nilimpokonya, naye akacheka, akidhani nina wazimu. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Aline yu hai, Mungu ashukuriwe. Tumezunguka kwa madaktari na wachungaji hadi tumechoka. Mkono wake wa kulia haujapoa tangu siku ile. Asubuhi za baridi wenzake shuleni hugombania kuushika, wao wanaona raha. Mimi nikimwona amelala, mkono unanyooka wenyewe kuelekea ukutani, nalia.

Kwa hiyo wewe, ukiingia mahali watu walipofia kazini, bisha hodi hata kama humwoni mtu. Na chombo ulichokitumia mle, tafadhali, usikivushe kizingiti chako. Ndani kuna watoto.